Herufi Moja Nyuma ya Spika

Ukifungua spika ya studio ya JBL aina ya 4311 na kuitoa wufa yake ya inchi 12, utakuta mgongoni mwake namba 2213. Katika zile zilizotoka kiwandani karibu na mwaka 1980 na kuendelea, namba hiyo imeota mkia: 2213H. Koni ni ileile nyeupe, upana ni uleule, sanduku ni lilelile. Herufi H inakwambia kwamba sumaku iliyomo ni ya feraiti, aina ya kauri nyeusi inayotengenezwa kwa oksidi ya chuma. Ile isiyo na herufi ina sumaku ya alniko, aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Sokoni, isiyo na herufi ndiyo inayoulizwa kwanza, na ndiyo inayolipiwa zaidi.

Kwa mpenzi wa muziki, herufi hiyo ni suala la sikio na pochi. Kwangu mimi, ninayesomea shahada ya uzamili katika historia, ni nyaraka. Tunafundishwa kuuliza waraka maswali machache ya kawaida: nani aliuandika, lini, kwa nini wakati huo na si mwingine. Nilipoiuliza H maswali hayo nilidhani jibu litanipeleka California, kwenye meza ya mhandisi fulani. Sehemu ya jibu ipo huko kweli. Sehemu kubwa ipo Kolwezi, katika mji wa migodi ambako watu wanazungumza Kiswahili.

Nianze na kazi ya sumaku, maana bila kuielewa hatuwezi kuelewa kwa nini kampuni kubwa ilihangaika kuibadilisha. Spika ya kawaida ni koili ya waya iliyogandishwa kwenye shingo ya koni ya karatasi, ikining'inia ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili husukumwa mbele na nyuma, na koni husukuma hewa. Wazo hilo ni la zamani. Ernst Siemens aliliandikia hataza mwaka 1874, kabla hapajawa na amplifaya ya kulilisha. Umbo tunalolijua leo lilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric mwaka 1925, na mwaka uliofuata liliingia madukani nchini Marekani likiitwa Radiola 104.

Kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu, ndivyo koili inavyotii. Tatizo la miaka ile ni kwamba sumaku za kudumu zilikuwa dhaifu. Spika bora zilitumia sumaku ya umeme, yaani koili nyingine kubwa iliyochomekwa kwenye umeme wakati wote ili itengeneze uga. Ilikuwa nzito, ilipata joto, na ililia mlio wa chini chini wa umeme wa ukutani. Mwaka 1931 mtaalamu wa metali wa Japani, Tokushichi Mishima, alipata aloi ya chuma, nikeli na alumini iliyoshikilia usumaku kuliko chuma kilichokuwepo. Wengine wakaongeza kobalti, wakabadilisha namna ya kuipoza, na kufikia miaka ya 1940 kulikuwa na aloi inayoitwa alniko 5, ambayo karibu robo ya uzito wake ni kobalti. Spika zikaachana na sumaku ya umeme. Kuanzia hapo hadi miaka ya 1970, spika karibu zote zilizopata heshima katika studio na majumba ya sinema ya Marekani na Uingereza zilikuwa na alniko tumboni: Altec, JBL, Tannoy.

Robo ya uzito. Sumaku ya wufa kubwa ina uzito wa kilo kadhaa ukijumlisha na vyuma vyake, na ya tuwita ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa. Zidisha mara mamia ya maelfu ya spika, na swali la mwanahistoria linakuja lenyewe: kobalti yote hiyo ilitoka wapi?

Kobalti mara nyingi haichimbwi kwa ajili yake yenyewe. Huja pamoja na shaba au nikeli, kama dagaa wanaoingia kwenye wavu wa samaki wakubwa. Na mahali ambapo shaba na kobalti vimelala pamoja kwa wingi kuliko kwingine ni Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1906 Wabelgiji waliunda kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kuichimba. Wafanyakazi waliletwa kutoka pande nyingi, kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, na katika kambi zao Kiswahili kilikua kuwa lugha ya kazi na ya nyumbani. Si Kiswahili cha vitabu vyetu vya shule. Ni Kiswahili kilichotafunwa na Kiluba, Kibemba na Kifaransa, chenye sarufi yake na fahari yake. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa lugha hiyo historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa maboi katika nyumba za Wazungu. Ni moja ya historia chache za mji wa migodi wa Afrika zilizoandikwa na waliotumikishwa, kwa lugha yao. Ilinifikia darasani nikiwa na miaka 23, nikashtuka kwamba sikuwahi kuisikia, mimi niliyesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza.

Baada ya uhuru, serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière mwanzoni mwa mwaka 1967, na kampuni iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ikawa Zaire, na jimbo la Katanga likapewa jina jipya: Shaba. Neno letu la metali likawa jina la mahali. Katikati ya muongo huo Zaire ilikuwa ikitoa karibu nusu ya kobalti ya dunia, na mji uliokuwa kitovu cha uchimbaji huo ni Kolwezi.

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FLNC, chama cha Wakongo waliokuwa uhamishoni Angola, wengi wao wakiwa na mizizi katika jeshi la zamani la Katanga ya Moïse Tshombe, waliingia Kolwezi wakipitia Zambia. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamejaribu na kurudishwa nyuma. Safari hii waliushika mji. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Ufaransa walirushwa juu ya Kolwezi, na Wabelgiji wakafuata siku iliyofuata. Mamia ya watu waliuawa katika wiki hiyo, Waafrika na Wazungu. Katika magazeti ya Ulaya waliokufa Wazungu walihesabiwa mmoja mmoja; waliokufa Wakongo walitajwa kwa makadirio. Mafundi wa kigeni walioendesha mitambo ya Gécamines walihamishwa kwa ndege pamoja na familia zao.

Hapo ndipo soko lilipopatwa na hofu. Mwanzoni mwa mwaka 1978 ratili moja ya kobalti iliuzwa kwa bei rasmi ya wazalishaji isiyofika dola 7 za Marekani. Februari 1979 bei hiyo ilikuwa dola 25, na waliotaka mzigo wa haraka bila mkataba walilipa zaidi ya hapo. Viwanda vya injini za ndege, ambavyo haviwezi kufanya kazi bila aloi za kobalti, vililipa. Viwanda vya spika havikuweza.

Ukisoma miongozo ya watunzaji wa spika za zamani, na nimesoma mingi, utakuta habari hii imefupishwa kwa sentensi moja: kulikuwa na vita Zaire, kobalti ikapanda bei, alniko ikafa. Baada ya sentensi hiyo mwandishi anarudi kwenye skrubu na gundi. Sina ugomvi na skrubu na gundi. Nina ugomvi na ile sentensi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba haiko sahihi kabisa. Migodi ya Kolwezi haikunyamaza mwaka mzima. Uzalishaji ulirudi baada ya majuma machache, na hesabu za mwaka 1978 hazionyeshi kuporomoka kwa kobalti ya Zaire. Kilichopandisha bei ni hofu juu ya mahitaji yaliyokuwa yameanza kupanda: kila mnunuzi alijaza ghala lake akidhani kesho hakuna. Isitoshe, feraiti haikuzaliwa kwa sababu ya Kolwezi. Watafiti wa Philips kule Uholanzi waliitangaza mwaka 1952, na watengenezaji wa redio za bei nafuu walikuwa wameikumbatia zamani, kwa kuwa malighafi yake ni rahisi. Wakubwa waliendelea na alniko kwa sababu walikuwa na vyombo vya kuitengeneza, michoro ya kuifuata, na wateja walioizoea. Kolwezi ilikuwa msukumo wa mwisho kwa mtu aliyekuwa tayari amesimama ukingoni.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Katika sentensi ile, Kolwezi ni bei. Hakuna mtu ndani yake. Mji wenye watu, shule, makanisa, baa na bendi umekuwa mshale unaopanda kwenye mchoro wa gharama za kiwanda cha Los Angeles.

Wahandisi nao walikuwa na siku zao ngumu, na ni haki kuzitaja. Huwezi kuitoa alniko na kuweka feraiti mahali pake kama unavyobadilisha betri ya saa. Alniko huwa ndefu na nyembamba, hukaa katikati ya koili. Feraiti ni pete pana na bapa, hukaa nje ya koili. Njia yote ya uga inabadilika. Tena alniko ni metali inayopitisha umeme, na hilo husaidia kutuliza misukosuko ambayo koili yenyewe huileta kwenye uga wa sumaku muziki unapokuwa mkubwa. Feraiti haipitishi umeme. Spika za kwanza zilizobadilishwa kwa haraka zilikuwa na upotoshaji zaidi wa sauti, na masikio yaliyozoea yalisikia. JBL walijibu kwa kuchonga upya nguzo ya chuma ya katikati ili uga uwe sawa mbele na nyuma ya mwanya, na kuweka pete ya alumini ya kutuliza misukosuko ile. Vipimo vya upotoshaji vikarudi kuwa vizuri kama vya alniko, na kwa baadhi ya spika vikawa bora. Hiyo ndiyo maana halisi ya H: kazi ya miezi mingi ya kufidia kitu kilichokuwa kikitoka Shaba.

Mwanafunzi wa historia ajihadhari na herufi lakini. Kwa Altec, mambo ni kinyume: spika yao maarufu ya 604-8H ni ya alniko, na iliyofuata ya feraiti ni 604-8K. Waraka usomwe katika ofisi ulikoandikwa.

Haya yote niliyasoma nikiwa na spika mbili mbele yangu. Ni 4311 za mjomba wangu, zisizo na H. Mjomba alikuwa karani wa bandari Dar es Salaam, na mwaka 1986 alizinunua kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa akifungasha mizigo kurudi kwao na hakutaka kulipia uzito wake. Kwa miaka mingi zilikuwa sauti ya kila sherehe katika ukoo wetu. Mwaka jana mnunuzi mmoja wa ng'ambo, aliyeziona katika picha niliyoituma kwa rafiki, alitoa ofa. Hakutaka masanduku. Alitaka wufa mbili tu, kwa ajili ya sumaku zake. Fedha aliyoitaja ilikuwa zaidi ya pensheni ya mjomba ya miezi kadhaa. Mjomba akaniita.

"Mpwa wangu," alisema, "wewe ndiye msomi. Niambie kama hizi sumaku bado zinavuta, na niambie zina nini ndani hata mtu avuke bahari kuzitafuta."

Swali la kwanza lilihitaji kazi ya mikono. Hapo nilimtafuta fundi mmoja Gerezani, mzee anayekarabati spika tangu enzi za kaseti. Kibandani kwake kuna koni zimening'inia kama mbuzi buchani, nyingi zimeliwa kingo. Nilimuuliza ni kwa nini.

"Hewa ya pwani, mwanangu," aliniambia. "Ile sponji ya pembeni haifi kwa kupigwa. Inakufa hata kama spika imelala stoo."

Ndivyo ilivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wengi walianza kuweka ukingo wa sponji ya poliurethani, kwa kuwa ni laini na huruhusu koni kwenda mbali, ambako besi inakaa. Lakini sponji hiyo huvunjwa na unyevu na oksijeni. Baada ya miaka 10 hadi 20, na mapema zaidi kwenye joto kama la kwetu, hugeuka unga unaonata vidoleni. Dawa yake inajulikana: unakwangua mabaki, unafungua kifuniko cha vumbi katikati ya koni, unaingiza vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka koili ili isimame katikati ya mwanya, unagandisha ukingo mpya, unaacha ukauke, kisha unavitoa vile vipande. Ukitaka kujua kama umefanikiwa, unaicheza sauti nzito sana kwa volyumu ndogo na kusikiliza kama kuna mkwaruzo. Fundi yule anafanya bila vipande. Anasukuma koni kwa ncha za vidole vinne huku ameinamisha sikio, na anajua.

Za mjomba zilinusurika kwa sababu ukingo wake si wa sponji. Ni wa mikunjo, umepakwa dawa nzito ambayo hadi leo haijakauka kabisa. Fundi alituonya tusiuguse wala kuufuta kwa spiriti, kwa sababu dawa ile ikitoka, ukingo unaanza kuvuja hewa na kulia. Vumbi tuliliondoa kwa brashi ya rangi iliyo laini.

Ugonjwa halisi ulikuwa mahali pengine. Sauti nyembamba za spika ya kushoto zilikuwa zikija na kupotea. 4311 ina vifundo viwili vya mbele, kimoja cha sauti za kati na kingine cha tuwita, na ndani ya kila kifundo kuna waya uliozungushwa na kidole cha metali kinachoteleza juu yake. Kikikaa mahali pamoja miaka 30, metali huota kutu nyembamba na mawasiliano hukatika. Watu wengi huitupa tuwita nzima wakidhani imeungua. Tulipulizia dawa ya kusafishia viungio vya umeme, tukavizungusha vifundo kwenda na kurudi mara nyingi, na matoazi yakarejea. Kisha kapasita. Kigawanyo cha sauti cha spika hizi ni rahisi mno: kapasita moja inalinda spika ya kati, nyingine inalinda tuwita, na wufa haina kizuizi. Fundi alizipima, akasema zimesogea mbali na thamani iliyoandikwa. Tukaweka mpya za filamu zenye thamani ileile, na akaniachia mimi kushika lehemu kwa spika ya pili. Masanduku nayo tuliyakagua skrubu moja moja, kwa sababu skrubu iliyolegea inavujisha hewa, na hewa ikivuja besi inapumua badala ya kupiga.

Sumaku hatukuzigusa. Hili ni jambo ambalo kila mtunza spika za alniko anapaswa kulijua. Alniko ina nguvu, lakini haina ukaidi. Ukiitenganisha na vyuma vinavyoizunguka, hupoteza sehemu ya usumaku wake papo hapo, na ukiirudisha haurudi nao. Pigo zito au umeme mkubwa kupita kiasi vinaweza pia kuidhoofisha, na ikidhoofika lazima ipelekwe kwenye mashine ya kuchaji upya. Kwa hiyo tulipima kwa njia ya mzunguko: sauti ileile, amplifaya ileile, kipaza sauti umbali uleule, spika moja baada ya nyingine. Sumaku dhaifu hujionyesha kwa sauti ndogo. Tofauti kati ya kushoto na kulia haikufika desibeli moja. Zilikuwa bado zinavuta.

Swali la pili la mjomba nilimjibu jioni moja barazani, kwa maelezo marefu kuliko haya. Nilimweleza Mishima, Union Minière, Mei 1978. Alisikiliza bila kunikatiza hadi nilipotaja Shaba.

"Miaka hiyo nilikuwa gatini," alisema. "Mabamba ya shaba ya Zambia yalishuka kwa reli ya TAZARA, yamefungwa mikanda ya chuma. Ya Zaire yalikuwa machache. Tulihesabu mabamba. Hakuna aliyetuambia habari za waliochimba, na sisi hatukuuliza."

Nilimwambia kwamba hata vitabu vingi havikuuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni nini kinachimbwa Kolwezi sasa.

Hilo ndilo swali linalonizuia kuiandika historia hii kama ya kale. Hofu ya 1978 iliwafundisha wenye viwanda kuikimbia kobalti. Watafiti waliokuwa wakitafuta sumaku isiyoihitaji walifika mwaka 1983, pale General Motors ya Marekani na Sumitomo Special Metals ya Japani zilipotangaza, kila moja kwa njia yake, sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni. Ndiyo iliyomo kwenye spika ya simu yako na kwenye vipokea sauti vya masikioni. Lakini kobalti iliyofukuzwa kwenye spika ilirudi kupitia betri. Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, na kando ya migodi mikubwa ya makampuni wapo wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa kamba na kurunzi. Wanaitana kwa Kiswahili. Simu ninayoitumia kupimia sauti ya sumaku za mwaka 1970 na kitu ina betri ambayo kobalti yake huenda ilitoka umbali mfupi kutoka ilikotoka ile ya kwenye wufa.

Kwa wapenzi wa alniko kuna neno moja linalorudiwa sana: joto. Wanasema sauti yake ina joto. Nimesikiliza spika za aina zote mbili kwa makini, na nakubali kwamba 4311 za mjomba zina namna yake ya kuliweka gitaa la besi sebuleni kama mtu aliyekaa kitini. Siwezi kuapa kwamba ni sumaku. Huenda ni koni, huenda ni sanduku, huenda ni kumbukumbu za harusi za shangazi zangu. Ninachoweza kuapa ni kwamba kilichomo nyuma ya koni kilikuwa na gharama kabla hakijawa na bei, na kwamba kukitunza kisiharibike ni heshima ndogo tunayoweza kumpa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Hataipata. Lakini angalau kazi yake haitatupwa jalalani kwa ajili ya kifundo chenye kutu.

Mjomba hakuuza. Hakutoa hotuba juu ya uamuzi wake. Alimwandikia yule mnunuzi kwamba spika ni za kusikiliza na bado zinasikilizwa. Huenda siku moja atauza, na itakuwa haki yake. Pensheni ni pensheni.

Kabla ya kufunga masanduku kwa mara ya mwisho, nilibandika karatasi ndani ya kila moja, upande wa juu ambako vumbi halifiki, kwa ajili ya fundi atakayeyafungua miaka 20 ijayo. Niliandika tarehe, thamani za kapasita tulizoweka, dawa tuliyopulizia kwenye vifundo, na onyo kwamba ukingo usifutwe kwa spiriti. Chini yake niliandika: "Sumaku ni alniko. Usiifungue. Karibu robo yake ni kobalti, na kobalti ya enzi hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka Shaba, Zaire, kwa mikono ya watu wanaozungumza lugha hii unayoisoma." Mjomba alivaa miwani, akaisoma ya kwanza hadi mwisho, akaomba kalamu. Akaongeza mstari wake kwa mwandiko wa karani: "Volyumu isizidi nusu."